Samaki Aliyebaki Majini

Watoto wa Nyakabanda, mtaa wa Kigali, walipotaka kumwiga Donatille Ndihokubwayo, walifumba jicho moja na kusema, "Kidevu juu, baba. Kidogo tu. Sasa umezidi." Hakukasirika, maana ndivyo alivyosema tangu asubuhi mpaka jioni. Studio yake ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, kwenye mteremko unaoshuka kuelekea Kimisagara. Mbele ya pazia palikuwa na kiti cha mbao na kitambaa chenye maporomoko ya maji aliyoyachora mwenyewe. Nyuma yake palikuwa na chumba cha giza, ambacho zamani kilikuwa jiko, kabla dirisha halijazibwa kwa matofali.

Tangu vita vianze huko kaskazini, karibu kila mteja alitaka kitu kimoja: picha ndogo ya kitambulisho, au ya karatasi ya kusafiria. Uso mbele, masikio yote mawili, usicheke. Donatille alizipiga nyuso hizo, akazisafisha, akazikata kwa mkasi na kuzitia kwenye bahasha. Alipofunga mlango jioni alihisi amewapanga watu siku nzima bila kumtazama hata mmoja.

Hakuzaliwa Kigali. Alikulia Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Burundi, mahali ambapo mvuvi akipata samaki mkubwa humwita mpiga picha kwanza, halafu mnunuzi. Baba yake alipigwa picha ya namna hiyo, na ilitundikwa sebuleni karibu na msalaba, wala hakuna padri aliyelalamika. Kigali aliletwa na ndoa. Mumewe alikuwa mpiga picha, na alipofariki alimwachia binti, Ingrid, mashine ya kukuzia picha, na kamera ya zamani ya lenzi mbili, ile ambayo anayepiga huinamisha kichwa na kutazama kwa juu kama mtu anayechungulia kisimani.

Jirani yake wa juu kidogo alikuwa Mzee Eustache, karani mstaafu wa posta. Tangu mkewe Pudentienne azikwe, mzee huyo alikuwa amenyamaza. Alisalimia, alilipa alichonunua, alikwenda misa, lakini kwa uso wa mtu anayesubiri kuitwa dirishani. Jumamosi tu ndipo aliporudi akiwa na rangi mashavuni, begani amebeba fimbo ya kuvulia aliyoifunga ndani ya mkeka ili watu wasiulize. Alikuwa anakwenda Ziwa Muhazi kuvua.

"Nichukue siku moja," Donatille alimwomba. "Nimechoka na masikio."

"Wewe utaogopa jua, Mama Ingrid."

"Mimi? Nimezaliwa ndani ya mtumbwi, ilibaki kidogo tu."

Mzee alikaribia kucheka. Jumamosi iliyofuata, kiangazi kikiwa kimeshika na vilima vimekuwa vya rangi ya simba, walishika barabara ya Rwamagana. Kwenye kizuizi askari aliikagua kamera kwa jicho la shaka.

"Unakwenda kupiga nini na hii?"

"Samaki."

Askari akamtazama mwenzake. "Samaki nao siku hizi wanatakiwa kuwa na kitambulisho?" Wakacheka wote, wakawapitisha.

Ziwani Donatille hakupiga picha upesi. Alivua viatu, akazunguka. Mvuvi, aliwaza, si mtu aliyesimama mbele ya maji. Ni mtu anayezungumza na maji, na picha lazima ionyeshe pande zote mbili za mazungumzo. Alikuta mahali ambapo ziwa limeingia nchi kavu kama ulimi mwembamba, mafunjo yakikinga upepo, na maji yametulia kabisa. Mzee Eustache alikuwa upande wa pili juu ya jiwe. Donatille akashusha kamera mpaka karibu na matope, ili kilima kishuke na anga ibaki tupu nyuma ya kichwa cha mzee. Ndani ya kioo akawaona Eustache wawili: mmoja amesimama, mwingine amening'inia chini yake kichwa chini, nyayo zao zikigusana juu ya jiwe lile lile.

Akangoja. Fimbo ilipopinda, mzee aliruka kama kijana, akavuta, akateleza, akapiga magoti, kisha akasimama na kambale mkubwa mwenye sharubu. Akamnyanyua kwa mikono miwili juu ya kichwa, viwiko vimepinda kwa uzito, akatazama pembeni, si kwenye kamera, akacheka kicheko cha meno yote. Donatille alibonyeza mara moja tu. Alijua hakuna haja ya kurudia.

Walimchoma kambale palepale, wakamla na pilipili ambayo Donatille alikuwa ameifunga kwenye karatasi. Picha ilipotoka aliiona kuwa ndiyo kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Alipanga kuitundika dirishani. Kabla hajapata fremu, Xavérine akaingia.

Xavérine alikuwa binti wa pekee wa Mzee Eustache, mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa amechumbiwa na kijana aitwaye Sangwa, ambaye kwao ni milima ya Gitarama. Sangwa hakuwa na baba wala mama. Alilelewa na bibi yake Nyiraneza, na bibi huyo ndiye aliyekuwa na neno la mwisho.

"Bibi hatoki nyumbani siku hizi," Xavérine alisema akiwa amesimama, hataki kiti. "Ameomba picha ya baba. Anasema hawezi kuomba msichana kwa mtu ambaye hajamwona uso."

"Basi mlete akae hapa, nimpige."

"Si ulishampiga, mwezi wa tano?"

Kweli. Donatille aliivuta bahasha. Mzee Eustache mbele ya maporomoko ya kitambaa, macho yameganda, mdomo umefungwa. Ingekuwa ya kaburi, isingehitaji kubadilishwa chochote.

"Nipe ile ya ziwani," Xavérine alisema. "Pale ndipo baba yangu alipo. Lakini mtoe samaki."

"Nimtoe?"

"Mama Ingrid, wewe ni mtu wa Tanganyika, huwezi kuelewa. Sangwa mwenyewe anakula samaki, hana shida. Lakini bibi yake ni mtu wa ng'ombe. Kwao, aliyekula samaki hagusi chombo cha maziwa, kwa sababu ng'ombe atakauka. Akimwona huyo mnyama mwenye sharubu juu ya kichwa cha baba, harusi imeisha. Nakuomba."

 Donatille alitazama vidole vya msichana vilivyoshika ukingo wa meza, akasema atajaribu. Kukata picha kubaki na uso peke yake hakungefaa. Mkia wa kambale ulikuwa umeshuka mpaka kwenye sikio la mzee. Ilibidi samaki afutwe. Walikubaliana kwamba akishafutwa, picha itakatwa kiunoni.

Alifanya kazi hiyo mchana kutwa, studio imefungwa. Aliweka negativu, ile filamu ambamo cheusi huwa cheupe, juu ya kioo chenye mwanga, akalowesha brashi ya nywele chache katika wino mwekundu, akampaka samaki kidogo kidogo, kuanzia sharubu. Penye wekundu mwanga haupiti, na kwenye karatasi panatoka peupe kama anga. Alipochapa, vidole tu ndivyo vilivyohitaji kurekebishwa, maana vilikuwa vimekunjwa kushika kitu ambacho hakipo. Alivinyoosha kwa rangi ya kijivu, kimoja baada ya kingine.

Akarudi nyuma kutazama. Mikono ya mzee ilikuwa hewani, viwiko vimepinda, vidole vimefunguka. Donatille akashtuka, kisha akatabasamu. Mtu yeyote wa nchi hii angeona hapo jambo moja tu: mtu anayecheza ngoma, ameinua mikono kama pembe ndefu za ng'ombe.

Ilibaki kukata. Aliweka rula kiunoni mwa mzee. Chini ya rula kulikuwa na maji, yule Eustache wa pili, mafunjo, utulivu wote ule alioutafuta kwa magoti matopeni. Akaondoa rula. Akairudisha. Mwisho akajiambia kwamba maji hayana kosa, na akaiacha picha nzima. Sangwa alikuja, akaisifu, akaondoka nayo Gitarama ndani ya gazeti.

Nakala aliyoibakiza ilikuwa juu ya kaunta siku Swafiya alipoingia. Swafiya alikaanga sambusa mlango wa pili, na kila alasiri aliketi upande wa wateja kupumzisha miguu. Alikuwa anatafuna huku anatazama picha iliyoelekea upande wa Donatille.

"Huyu mzee amependeza," alisema. "Na samaki wake mkubwa, mashallah."

"Samaki gani?"

"Huyu aliyemshika."

Donatille akacheka. "Swafiya, macho yako yameingia mafuta. Hakuna samaki hapo."

"Wallahi yupo! Ana sharubu kama mjomba wangu wa Ujiji. Njoo ukae huku kwangu."

Donatille akazunguka kaunta. Kutoka upande ule picha ilikuwa kichwa chini miguu juu, na Eustache wa majini alikuwa amesimama wima. Mikononi mwake, akiwa mzima, aking'aa, alikuwapo kambale. Aliyemfuta ni yule wa juu peke yake.

Alikaa kwenye kiti cha wateja, kile cha kidevu juu, akamweleza Swafiya habari ya bibi na ya nakala aliyopelekewa.

"Sasa imekwenda wapi hiyo picha nyingine?" Swafiya aliuliza taratibu.

"Gitarama."

"Yaa Rabi."

Ingewezekana kunyamaza na kuomba macho ya bibi yawe mabovu. Donatille alilifikiria hilo njia nzima alipokuwa anapanda kwa Mzee Eustache. Alimkuta uani ananoa ndoano. Akamwambia yote, na katikati ya maneno yake akagundua kwamba mzee hakuwa na habari hata ya nusu ya kwanza. Xavérine alikuwa amemwambia tu kwamba picha yake imepelekwa.

"Mlimtoa samaki wangu," Mzee Eustache alisema.

"Kwa ajili ya mtoto, Mzee."

"Nimesikia." Alifuta ndoano kwa kitambaa, akaiweka. "Unajua nilikuwa namtazama nani siku ile?"

Donatille alikumbuka uso ule ulioelekea pembeni, mbali na kamera.

"Pudentienne alikuwa anakaa kwenye nyasi upande ule, kila nilipokwenda. Havui, hali samaki, kazi yake kunicheka. 'Karani wa posta, leo umepokea barua?' Nikipata kitu namwinulia juu aone. Basi siku ile nilimwinulia. Mkono ulizoea." Akaichukua tena ndoano. "Sasa mmemtoa samaki. Huyo mwanamume anacheka nini?"

 Walikaa mpaka Xavérine akaingia mbio, viatu mkononi. Sangwa amerudi. Bibi ameipenda picha mno. Amesema mtu anayeinua mikono namna ile ameona ng'ombe wazuri katika maisha yake, na siku ya kuposa atashuka mwenyewe, abebwe ikibidi, aje amwone akicheza.

Xavérine alikuwa analia kwa furaha. Baba yake na Donatille walitazamana. Kisha ikabidi wamwambie.

Siku ya kuposa, Donatille alikuja na kamera kama alivyoombwa. Ua ulikuwa umefagiwa, maturubai yamefungwa, wageni wamekaa upande mmoja na wenyeji upande wa pili. Msemaji wa wageni alisema wamepita tu, wamevutwa na harufu ya pombe nzuri. Msemaji wa wenyeji akamjibu kwamba hapa hakuna pombe wala msichana, labda wamepotea nyumba. Watu walicheka panapostahili. Xavérine alikuwa ndani na mashangazi.

Bibi Nyiraneza aliketi kwenye kiti cha mbele, mdogo, mweupe wa nywele, fimbo kati ya magoti. Maneno ya kuombana yalipofika karibu na mwisho, aliinua mkono, wasemaji wote wawili wakanyamaza. Alichomoa picha kutoka ndani ya mshanana wake, ile shuka ya sherehe inayofungwa begani.

"Baba Xavérine, sogea hapa. Mimi nina swali moja, halafu mtaendelea na uongo wenu mzuri."

Mzee Eustache alisimama, akaenda akainama mbele yake.

"Picha hii waliniletea, nikamwona mtu anacheza. Nikafurahi. Nyumbani kwangu sina ukuta wa kutundika vitu, naweka kwenye mkeka. Wajukuu wanakaa upande huu, mimi nakaa upande ule. Siku moja nikaiona ikiwa imegeuka." Aliigeuza polepole. "Juu mikono mitupu. Chini mikono ina samaki. Niambie, mwanangu, kati ya hawa wawili, wewe ni yupi?"

 Msemaji wa wenyeji, mtu wa maneno mengi, alifungua mdomo kusema kwamba maji ya Muhazi yana mambo yake. Mzee Eustache akamwekea mkono kifuani.

"Wa chini, Bibi."

"Na samaki yuko wapi?"

"Nilimla. Na pilipili."

Kijana mmoja upande wa wageni alishindwa kujizuia, akacheka puani, akapigwa kiwiko. Donatille aliachia kamera. Alisogea mbele, kamera inamning'inia tumboni.

"Bibi, aliyemfuta ni mimi. Yeye hakujua. Na pilipili pia ilikuwa yangu."

Bibi Nyiraneza alimtazama kuanzia viatu. "Wewe ni wa wapi?"

"Rumonge."

"Aa. Wala samaki wa kuzaliwa." Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayetaja rangi ya nguo. "Mbona hukumfuta na huyu wa chini?"

"Nilimsahau. Nilitakiwa kuyakata maji. Yalikuwa mazuri, sikuweza."

Mama mzee aliitazama tena picha, kwa muda mrefu, akiipeleka karibu na macho na kuirudisha.

"Ni mazuri," alikubali. Kisha akamgeukia Eustache. "Nilishuka na hasira. Nilitaka kujua kama nyumba hii nikiiuliza itanijibu. Umenijibu mbele ya watu, na msichana wako yuko ndani anasikia. Basi nisikilize mimi. Xavérine nitamchukua, atakunywa maziwa kwangu kama wajukuu wangu wengine. Ng'ombe wa mahari nitakupa, kwa sababu nilishamtaja, na simrudishi. Lakini ng'ombe huyo hana kosa lolote. Hatakaa kwako, na maziwa yake hutayanywa. Ukija kwa mwanao utapewa bia, na utaipokea mlangoni. Sitaki kusikia baadaye kwamba nilimficha mtu jambo hili."

Donatille, ambaye alimjua jirani yake, alijua uzito wa maneno hayo. Kila asubuhi Mzee Eustache alianza siku kwa glasi ya maziwa ya moto kwenye duka la jirani. Na mlango wa binti wa pekee ni mlango ambao baba huota kuingia bila kubisha.

Mzee alifikiri. "Atakaa kwa dada yangu Spéciose, Kabuga. Yeye hajawahi kugusa samaki." Akamwinulia bibi macho. "Kumtazama ninaruhusiwa?"

"Kumtazama, ruhusa," alisema Bibi Nyiraneza. "Hata kumsifia."

Hapo ndipo watu walipocheka wote kwa pamoja, kwa nguvu, kama watu waliokuwa wamezuia pumzi. Vigelegele vya mashangazi vikatoka ndani. Donatille aliinamisha kichwa juu ya kamera, lakini kioo kilikuwa kimefanya ukungu, na picha ya dakika ile hakuipata.

Wiki ile ile Mzee Eustache alikuja studio. Hakukaa kwenye kiti. Alisema angependa nakala yake, ya kuweka nyumbani.

"Ipi?" Donatille aliuliza, ingawa alijua.

"Yenye barua mkononi."

Wino mwekundu una wema mmoja: hutoka kwa maji. Donatille aliizamisha negativu kwenye bakuli, na wekundu ukaanza kujitenga, ukaelea kama moshi mwembamba, ukaisha. Akamwita mzee nyuma ya pazia. Chini ya taa nyekundu walisimama bega kwa bega juu ya karatasi nyeupe iliyolala ndani ya dawa.

Kinachotangulia kuonekana ni kile kilicho cheusi zaidi. Kwa hiyo kabla ya jiwe, kabla ya shati, kabla ya uso, walitokea samaki wawili, mmoja juu na mmoja chini. Kisha vidole vikaja kuwashika. Mwisho kabisa kikaja kicheko, kikielekea upande wa kushoto, mahali penye nyasi tupu.

"Ungeweza kuongeza nafasi kidogo upande ule?" mzee aliuliza.

Donatille alipima kwa macho. Alipochapa alikuwa ameacha nje kipande cha nyasi kilichomo kwenye negativu kwa sababu, kwa kanuni alizofundishwa na marehemu mumewe, hakikuwa na kitu.

"Inawezekana," alisema. Akachukua karatasi nyingine, akaisogeza mashine, akachapa upya, safari hii nyasi zote zikiwa ndani.